Kipimajoto kinasema 38, ngozi imeungua: kosa liko wapi?

Swali limetoka kwa mama mwenye saluni Katuba, Lubumbashi. Ana mashine ndogo ya kukaza ngozi ya uso kwa masafa ya redio, ile yenye ncha mbili za chuma kwenye kichwa kimoja. Anaandika: "Nilikuwa nafanya shavu na taya. Kila dakika nilipima kwa thermoflash (kile kipimajoto cha kuelekeza bila kugusa) juu ya jeli, nikasoma 37, 38, haikupita hapo. Ghafla mteja akaruka, akasema inachoma. Kesho yake pembeni ya taya palikuwa na lengelenge dogo kama kifungo cha shati, na sasa pamekuwa peusi. Thermoflash yangu imekufa? Au ngozi nyeusi inaidanganya? Na nikomee digrii ngapi?"

Jambo Mama. Kabla ya kifaa, tumshughulikie mteja. Kama lengelenge bado lina maji, asilitoboe. Apake vazelini safi kidogo mara mbili kwa siku, afunike kwa bandeji isiyogandamana na kidonda. Pakishafunga, jua lisipaguse: avae kofia, apake na krimu ya kukinga jua ya SPF 30 kwenda juu. Weusi uliobaki ni melanini ambayo ngozi huimwaga ikiumizwa. Hupungua wenyewe, lakini kwa miezi, si kwa wiki. Hatari kubwa sasa ni yeye kukimbilia krimu ya kuchubua ili autoe haraka, maana hapo atageuza baka dogo kuwa tatizo la miaka. Pakitoa usaha, pakibonyea au pakianza kuvimba kama kovu linalokua, aende kwa daktari, hospitali ya Sendwe au kwingine. Na wewe usipapitishie mashine tena mpaka pawe pamepona kabisa.

Sasa twende kwenye hesabu, maana ndiyo inayoonyesha kosa lilipo. Mwaka 1947 watafiti Moritz na Henriques walichapisha vipimo vya joto gani linaunguza ngozi na kwa muda gani. Kwenye digrii 44 inachukua kama saa 6. Kutoka hapo hadi 51, kila digrii moja inayoongezeka hukata muda karibu nusu. Kwenye 49 ni dakika 9 hadi 10. Kwenye 60 ni sekunde 5 tu. Mteja wako hakukaa saa 6 kwenye kiti, aliungua ghafla. Kwa hiyo pale pembeni ya taya, kwa sekunde chache, inaelekea ngozi ilipita 55, wakati wewe unasoma 38. Tofauti kubwa namna hiyo haitokani na betri dhaifu. Kifaa chako hakikuiona kabisa sehemu iliyokuwa inaungua. Hata ungekuwa na thermoflash mpya, ungeisoma vilevile.

Kwa nini hakikuiona? Sababu ziko nne, na kwako naona zilikutana.

Ya kwanza ni jeli. Jeli ni maji kwa sehemu kubwa, na mionzi ya infraredi (mionzi ya joto isiyoonekana kwa jicho) ambayo kipimajoto hicho kinaisoma haipiti kwenye maji, hata utando mwembamba kuliko unene wa kucha. Ukielekeza juu ya jeli, unapima uso wa jeli, ambao unapozwa na hewa na kukauka kwake. Ngozi iliyo chini inaweza kuwa na moto zaidi, nawe usijue. Dawa yake: simamisha nguvu, futa ukanda mmoja kwa karatasi laini, mara moja tu, pima ndani ya sekunde mbili, kisha rudisha jeli papo hapo. Hilo la kurudisha jeli usilisahau. Ukipitisha kichwa cha mashine kwenye ngozi uliyoikausha, cheche ndogo huruka na kuacha vidoa vya moto, na hapo kipimo chenyewe kitakuwa kimemwumiza mteja.

Ya pili ni mtindo uliowekwa kwenye kifaa. Thermoflash hizi zilizojaa mjini tangu wakati wa Korona zimetengenezwa kwa paji la uso la mtu mwenye homa. Kwenye mtindo wa mwili, kifaa hakikupi joto la ngozi. Kinachukua joto la ngozi, kinapiga hesabu na kukisia joto la ndani ya mwili. Ngozi ya digrii 33 kinaiandika 36.5. Hesabu hiyo haikutengenezwa kwa ngozi inayopashwa moto kutoka nje, na vifaa vingi vikifika karibu 43 huandika tu "Hi" na kunyamaza. Tafuta kitufe cha kubadilisha mtindo, uweke ule wa kupima vitu, wenye neno "surface" au picha ya chupa au nyumba. Ili uhakikishe, kaa ndani dakika 15, pima ngozi ya mkono wako juu ya kifundo. Ukisoma kati ya 31 na 34, uko sawa. Ukisoma 36 na kitu, bado uko kwenye mtindo wa homa.

Ya tatu ni ukubwa wa duara kinaloliona. Kipimajoto cha infraredi hakisomi nukta, kinasoma wastani wa duara zima, na duara linakua kadiri unavyorudi nyuma. Chukua mfano: duara la sentimita 2.5, ndani yake sehemu ya sentimita 1 yenye moto wa 46, na pembeni yote ni 39. Ile sehemu ya moto ni asilimia 16 tu ya duara, hivyo skrini itaandika 40. Utasema iko vizuri, wakati pale padogo kama kifungo cha shati panapikwa. Basi sogea hadi sentimita 3 kutoka kwenye ngozi, shika kifaa kikitazama ngozi wima, kisiinamie upande. Kama unatumia bastola ya mafundi yenye taa nyekundu, ujue taa hiyo haionyeshi mahali halisi panaposomwa ukiwa karibu: taa hutoka pembeni ya lenzi, na kwa umbali mdogo hukosea kwa sentimita moja au zaidi. Soma kitabu chake uone uwiano wa umbali na duara. Ikiandikwa 12:1, kwa sentimita 30 duara lina sentimita 2.5. Na taa hiyo isielekee jichoni hata mara moja. Mfunike mteja macho.

Ya nne ni mahali unapopima. Wengi hupima katikati ya shavu, kwa sababu ni pana na panafikika. Lakini katikati ya shavu ndipo pa baridi: kuna nyama na mafuta, na damu nyingi inabeba joto. Moto hujificha kwenye pembe ya taya, mfupa wa shavu, kipaji cha uso, na zaidi kwenye miisho ya mwendo wa mkono wako. Angalia mkono wako unavyokwenda na kurudi: kabla ya kugeuka unapunguza mwendo, unasimama nusu sekunde, kisha unarudi. Ile nusu sekunde, ikirudiwa mara hamsini mahali pale pale, inajumlika. Pima hapo kwenye kona kwanza, katikati baadaye.

Kuhusu ngozi nyeusi: haidanganyi kipimajoto. Katika infraredi ngozi ya kila rangi hutoa mionzi karibu sawa, kipimo chake cha emisiviti ni kama 0.98 kwa mweusi na kwa mweupe. Melanini humeza mwanga unaoonekana, ndiyo maana leza nyingi ni hatari kwetu. Masafa ya redio hayamtafuti melanini, hupasha ngozi kwa sababu ngozi inazuia mkondo wa umeme kupita. Kinachodanganywa na ngozi nyeusi ni jicho lako. Kitabu cha mashine kinasema "simama ukiona wekundu", na kwenye ngozi yetu wekundu huo hauonekani au unaonekana umechelewa. Usiusubiri. Gusa kwa mgongo wa vidole, tazama kama ngozi imeanza kung'aa au kuumuka. Kosa dogo ambalo kwa mwingine lingeacha wekundu wa siku mbili, kwetu linaacha weusi wa miezi, na kwa mwenye damu ya makovu yanayovimba linaweza kuacha kovu la kudumu.

Basi nini kilichounguza taya ile? Kwa maelezo yako, nadhani kichwa cha mashine kiliinuka upande mmoja. Taya imepinda, kichwa ni bapa. Ukipita pale bila kuvuta ngozi, kichwa kinabaki kimegusa kwa ukingo tu. Tuseme kichwa chako kina sentimita 4 za mraba na sasa kimegusa kwa nusu sentimita ya mraba. Mkondo ule ule unapita kwenye mlango mwembamba mara 8, na kwa kuwa joto hukua kwa mraba wa msongamano wa mkondo, pale pa kugusa linaweza kuzalishwa mara 64 kuliko kawaida, kama mashine haikupunguza mkondo yenyewe. Mashine za bei ndogo mara nyingi hazipunguzi. Hapo hakuna kipimajoto kitakachokuwahi, kwa sababu mambo yanaisha ndani ya sekunde.

Kinachosaidia ni mkono. Kwenye taya, mkono wa kushoto uvute ngozi kuelekea sikioni mpaka ile pembe iwe kama ubao, ndipo kichwa kipite kikiwa kimelala chote. Shusha kiwango cha nguvu kabla ya kuingia kwenye mfupa. Jeli iwe nyingi. Na kila unapotaka kuinua kichwa, achia kitufe au pedali kwanza, hesabu moja, ndipo uinue. Hereni, mkufu, vibanio vya chuma vya wigi, vyote vitoke. Pete na bangili zako pia.

Sasa digrii. Hizi ni za mashine kama yako, isiyopoza ngozi kwa juu, na kama kitabu chake kinataja kikomo cha chini zaidi, fuata kitabu. Anza kwa kupima ngozi kabla ya jeli: uso huwa kwenye 32 hadi 34. Pandisha polepole. Unacholenga ni uso wa ngozi kufika 40 hadi 42 na kukaa hapo dakika 3 hadi 5 kwa eneo lisilozidi kiganja cha mteja. Kwa 43 unazima, bila mjadala: ni hapo milango ya maumivu ya joto kwenye mishipa ya fahamu huanza kufunguka, na ngozi ya ndani, ambayo huioni, inaweza kuwa juu zaidi ya hapo. Mpaka kufika 38 pima kila sekunde 30, kisha kila sekunde 15. Ikipanda zaidi ya digrii 2 kati ya kipimo kimoja na kinachofuata, punguza nguvu hata kama bado uko chini ya 40.

Lakini toa kosa la kifaa chako kwenye ile 42, kikomo cha juu unacholenga. Kama kitabu cha kipimajoto kimeandika ±1, kikomo chako kwenye skrini ni 41. Kama ni ±2, ni 40. Watu wanalipuuza hili kuliko yote, na ndilo jepesi kuliko yote.

Na kosa lenyewe unaweza kulipima saluni. Chukua bakuli pana, tia maji ya moto na ya baridi mpaka kipimajoto cha kwapani cha dijitali, ncha yake tu ikiwa majini, kisome 40. Koroga kwa kijiko mfululizo, maana uso wa maji ukitulia hupoa kwa mvuke. Ukiwa bado unakoroga, elekeza thermoflash wima kutoka sentimita 3 hadi 5, soma haraka, ondoa ili mvuke usishike kwenye lenzi. Rudia mara tano. Ukipata 39, 39.2, 38.9, kifaa chako kinasoma chini kwa digrii moja: andika "ongeza 1" kwenye plasta na uibandike kwenye mpini. Fanya hivyo kila mwezi, na kila kifaa kikianguka. Kikitoa namba zinazorukaruka, 37 halafu 41, kitupe. Namba thabiti iliyokosea inarekebishika, inayorukaruka haina tiba.

Mazingira ya Lubumbashi nayo yana neno. Asubuhi za Juni na Julai ni baridi kweli, na kipimajoto kilicholala kabatini kinahitaji nusu saa kwenye chumba unachofanyia kazi kabla ya kusema ukweli. Mwezi wa kumi ni kinyume: joto, na feni inageuzwa kumwelekea mteja. Usifanye hivyo. Upepo unapoza juu ya ngozi, unasoma 38, unaongeza nguvu, na ndani panaendelea kupanda. Feni ielekee ukutani, na jasho lifutwe kabla ya kupima.

Kuran, yaani umeme, ni habari nyingine. Namba ya kiwango kwenye mashine haimaanishi digrii, na kwa mashine isiyo na udhibiti mzuri, kiwango cha 5 kwenye volteji 190 hakilingani na kiwango cha 5 kwenye 230. Weka kidhibiti cha volteji. Usifanye kazi kwenye jenereta moja na kikausha nywele kinachowashwa na kuzimwa. Kuran ikikatika, ondoa kichwa usoni, zima swichi kuu, rudisha kiwango kwenye sifuri. Ikirudi, jaribu kwanza kwenye mkono wako mwenyewe wenye jeli, sekunde 10, ndipo umrudie mteja.

Usijaribu kutatua yote haya kwa kubandika waya wa kipimajoto cha chuma kwenye ngozi wakati mashine inafanya kazi. Waya huo huwa njia ya mkondo: utasoma namba za uongo, na unaweza kumwunguza mteja chini ya waya. Na kama siku moja utanunua mashine ya ncha moja yenye kibao cha kubandika mgongoni au pajani na kichwa kinachopoza ngozi, ujue kwamba namba ya juu ya ngozi haikulindi tena, kwa kuwa juu kunapozwa makusudi. Pia kibao kishike chote kwenye nyama, si kwenye mfupa, maana kikibanduka nusu kinaunguza kama kile kichwa kilichoinuka.

Sasa mdomo wa mteja, ambao kwangu unatangulia kipimajoto chochote. Usimwulize "iko sawa?" Mama mtu mzima aliyelelewa vizuri atakujibu "iko sawa" ili asikusumbue, huku anavumilia. Mpe namba kabla ya kuanza: 0 hasikii kitu, 1 vuguvugu, 2 moto lakini anaweza kukaa nao, 3 moto sana, 4 hauvumiliki. Mwambie kwamba kusema 3 si kulalamika, ni kukusaidia kazi. Uliza kila sekunde 30: "Namba ngapi, Mama?" Fanya kazi kwenye 2. Kwenye 3 simama, hata skrini ikisema 37.

Kwa sababu hiyo hiyo usipake krimu ya ganzi. Na mwenye kisukari cha muda mrefu, aliyepooza upande, au aliyewahi kuugua ukoma, mpime kwanza kwa vijiko viwili, kimoja kimetoka kwenye maji ya baridi, kingine kwenye maji ya vuguvugu. Afumbe macho, aseme kipi ni kipi shavuni, mara kumi. Akikosea, usimfanyie. Wenye kifaa cha kusaidia moyo, wajawazito, wenye chuma kwenye taya na wenye vidonda usoni hao hawaingii kabisa.

Halafu krimu za kuchubua. Hapa kwetu ni swali la lazima, na liulizwe faraghani, bila kumwaibisha mtu. Nyingi zina klobetasoli, dawa kali ya steroidi, ambayo ikitumika kwa muda mrefu huifanya ngozi iwe nyembamba kama karatasi ya sigara. Ngozi hiyo inapanda joto haraka na inaungua kwenye kiwango ambacho mwingine anakivumilia. Hata akikataa kusema, tazama mikono: vifundo vya vidole vyeusi kuliko mkono uliobaki. Tazama mashavu: mishipa midogo inayoonekana. Mtu huyo usimfanyie. Wala usimwambie aache krimu leo na arudi kesho, maana kuacha ghafla huleta vipele na wekundu mkali. Amwone daktari wa ngozi ampunguzie kwa hatua.

Weka daftari. Mstari mmoja kwa kila eneo: "Shavu la kulia, mwanzo 33, kiwango 4, dakika ya 2: 38, dakika ya 3: 40, mteja 2, kona ya taya 40." Ungekuwa na mstari kama huo wa siku ile, ungejua kama kona ilipimwa au haikupimwa.

Na bidoni ya lita 20 ya maji safi ikae chini ya kitanda, kwa sababu bomba halina ahadi. Mteja akiruka: achia pedali, inua kichwa, futa jeli yote kwa sababu inashika joto, kisha mimina maji ya kawaida polepole, lita moja kwa dakika, dakika 20. Bidoni nzima. Barafu hapana, dawa ya meno hapana, mafuta hapana. Piga picha pale penye mwanga wa dirisha, uandike saa. Baada ya hapo hata akisema maumivu yameisha, na hata ngozi ikisoma 33, siku hiyo mashine isirudi usoni kwake.